Wanafunzi wanaupenda ulimwengu pepe, mtihani hauonyeshi: nirekebishe nini?

Swali: "Nafundisha baiolojia, darasa la wanafunzi 32. Mwaka juzi tulijenga ulimwengu pepe wenye moyo wa binadamu mkubwa kama jengo la ghorofa. Mwanafunzi anaingia na avata yake, yaani kiwakilishi chake cha kwenye skrini, anazunguka atakavyo kutoka chumba kimoja cha moyo hadi kingine, anasoma mabango tuliyobandika ukutani. Wanaupenda mno, siku ya somo hilo hakuna anayechelewa. Lakini kwenye mtihani hawana tofauti na wale niliowafundisha kwa ubao na chaki, na kwenye mada ya vali wamefanya vibaya zaidi. Nikiwaambia wachore moyo, wengi wanachora vali zimegeuka. Kompyuta 4 hukwama kila kipindi na wenyewe huishia kuchungulia kwa jirani. Dakika 15 za mwanzo zinaishia kwenye kuvalisha avata nguo na kurukia juu ya paa la moyo. Sasa mkuu wa shule amepata fedha kidogo, anataka tununue miwani ya uhalisia pepe kwa sababu anaamini picha za kwenye skrini hazivutii vya kutosha. Miwani itasaidia? Tuboreshe michoro kwanza? Au niachane na jambo hili?"

Mwalimu, asante kwa swali hili, na zaidi asante kwa kulileta na matokeo ya mtihani. Maswali mengi ninayoletewa kuhusu ulimwengu pepe huishia kwenye "wanafunzi walifurahi sana". Wewe umeuliza wamebaki na nini, na jibu halikukupendeza. Wengi wakifika hapo hunyamaza, au hununua kifaa kipya.

Nikikusoma vizuri, una hofu mbili: kwamba miaka miwili ya kazi kwenye ule moyo imekwenda bure, na kwamba mkuu wako akinunua miwani, fedha nazo zitakwenda. Nikupe jibu fupi mapema ili usisome roho juu. Miwani isubiri, michoro iacheni ilivyo, na moyo wenu msiubomoe. Kinachotakiwa kubadilika ni kile ambacho mwanafunzi anaweza na hawezi kukifanya akiwa ndani yake.

Tuanze na vali, maana ndizo zilizonisimamisha niliposoma swali lako. Jiweke ndani ya avata. Umeingia chumba cha juu kushoto, mbele yako kuna tundu kubwa lenye vipande vya nyama vinavyoning'inia pembeni, na juu yake bango: "Vali. Huzuia damu isirudi nyuma." Unapita, unashuka chumba cha chini. Mwenzako anakuita, unageuka, unapita palepale kurudi juu. Anakimbia, unamfuata, mnashuka tena. Bango limesema hairudi. Wewe umepita mara tatu, mara moja ukirudi nyuma. Akili ya mtoto wa miaka 15 itashika lipi, maneno aliyoyasoma kwa sekunde 4 au njia aliyoipita kwa mikono yake mwenyewe?

Kwa hiyo si kweli kwamba hawakujifunza. Wamejifunza barabara kwamba vali ni mlango, na mlango hauna upande. Ulimwengu wenu ndio uliowafundisha hivyo. Ulimwengu pepe hufundisha kwa yale unayoruhusu na yale unayokataa. Mabango ni kelele za pembeni. Ubao hauna tatizo hili kwa sababu ubaoni hakuna anayetembea.

Kuna na la kushoto na kulia. Mchoro wa kitabuni ni wa mtu aliyekutazama usoni, kwa hiyo upande wa kushoto wa moyo uko kulia kwa ukurasa. Ndani ya moyo wenu hakuna ukurasa. Kushoto kwa avata kunahama kila anapogeuka, na hakuna kitu kinachomsaidia kuunganisha chumba alichosimama na mchoro atakaotakiwa kuutoa kwenye mtihani. Hili lina dawa rahisi: weka ramani ndogo kwenye kona ya skrini, mchoro uleule wa kitabuni, na doa linaloonyesha yuko wapi. Ramani hiyo isizunguke pamoja na avata. Programu nyingi huzungusha ramani zenyewe kwa kudhani zinasaidia. Izime hiyo.

Sasa hili la mkuu wako, kwamba picha zikifanana zaidi na moyo wa kweli wanafunzi wataelewa zaidi. Simlaumu, karibu kila mtu huanzia hapo, hata mimi nilianzia hapo. Lakini jambo hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti Jocelyn Parong na Richard Mayer walichukua somo la baiolojia linalompitisha mwanafunzi ndani ya mishipa ya damu hadi ndani ya seli (umeona linavyokaribiana na lako), kundi moja wakaliona kwa miwani, kundi jingine wakapewa maelezo yaleyale kwa slaidi za kawaida kwenye kompyuta. Wenye miwani walisema wamevutiwa zaidi. Wenye slaidi walipata alama zaidi. Mwaka uliofuata Guido Makransky na wenzake, Mayer akiwemo, walilinganisha maabara pepe ileile kwenye skrini ya kawaida na kwenye miwani, wakapima na mawimbi ya ubongo. Waliovaa miwani walijihisi wako mahali pale hasa, lakini walijifunza pungufu kuliko wa skrini, na vipimo vya ubongo vilionyesha wamelemewa.

Kulemewa huko ndiko kunakoeleza mengi. John Sweller, aliyeanza kuandika juu ya mzigo wa akili mwaka 1988, alijenga hoja yake juu ya jambo hili, kwamba ile sehemu ya akili tunayofikiria nayo papo kwa papo ni finyu sana. Inashika vitu vichache kwa wakati mmoja, na kila kinachoingia kinamsukuma mwenzake. Sasa hesabu anavyovishika mwanafunzi wako anapovuka vali kwa mara ya kwanza: vidole vya mkono wa kushoto vinatafuta kitufe cha kwenda mbele, wa kulia unageuza kamera kwa kipanya, mapigo ya moyo yanadunda kwenye spika, kuta zinang'aa, avata ya jirani inaruka mbele yake, bango lina maneno 60, na juu ya yote anajiuliza yuko kulia au kushoto. Wazo lenyewe la somo, kwamba damu inasukumwa na tofauti ya presha, limebaki nje likigonga hodi. Ukiongeza picha kali zaidi unaongeza mgeni mwingine kwenye chumba kilichojaa.

Ila katika utafiti ule wa 2018 kuna sehemu ambayo wauzaji wa miwani na wapinzani wao wote huiruka, na ndiyo inayokuhusu. Watafiti walirudia lile somo la miwani, safari hii wakalikata vipande, na baada ya kila kipande wanafunzi wakasimama kuandika muhtasari kwa maneno yao. Alama zikapanda, na hamu yao ya somo haikushuka. Hakuna aliyegusa picha wala kifaa. Kilichoongezwa ni kituo.

Ukitaka kuona ulimwengu uliojengwa kwa namna hii tangu mwanzo, mfano ninaourudia kila mara ni River City, uliotengenezwa na Chris Dede na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wanafunzi waliingia kwenye mji wa karne ya 19 ambao wakazi wake wanaugua. Hakuna bango lililosema kwa nini. Walichota maji na kuyapima, walihesabu mbu, walihoji wakazi, wakaunda dhana yao, kisha wakarudi kwenye mji uleule baada ya kubadilisha jambo moja tu ili waone kama ugonjwa umepungua. Picha zake leo ungezicheka. Lakini ule mji ulikuwa unajibu. Ukifanya hivi, linatokea hili. Usipofanya, watu wanaendelea kuugua. Moyo wenu kwa sasa haujibu chochote. Mwanafunzi akielewa au asielewe, unabaki vilevile, kama jumba la makumbusho.

Basi tuujenge upya huo moyo, na habari njema ni kwamba kuta hatuzigusi. Vyaelea vimeundwa, na vyenu vimeshaelea. Tunabadilisha sheria tu.

Sheria ya kwanza: mwanafunzi si mtalii tena, ni chembe nyekundu ya damu. Haruki, hapai, na hawezi kujisukuma kwenda atakako. Anasubiri moyo umsukume. Zima uwezo wa kupaa katika eneo lote. Kwenye programu nyingi ni alama moja tu ya kuondoa kwenye mipangilio ya eneo, na shida ya paa inakwisha siku hiyohiyo.

Sheria ya pili: vali inafunguka pale tu presha ya nyuma yake inapozidi ya mbele yake. Hapa ndipo nataka ukae sana, kwa sababu ndilo somo lenyewe. Wanafunzi wengi hudhani vali ina msuli unaoifungua na kuifunga kama mtu anavyofunga dirisha. Haina. Ni vipande vya tishu vinavyosukumwa. Chumba cha chini kushoto kikibana, presha ndani yake inapanda hadi karibu milimita 120 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Vali iliyo kati yake na chumba cha juu inabamizwa ikafunga, na ile ya kwenda kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, inasukumwa ikafunguka. Kikilegea, presha inashuka, mambo yanageuka. Kwa hiyo weka namba mbili kubwa pande mbili za kila vali, presha ya huku na presha ya kule, zikibadilika moyo unapodunda. Moyo uliotulia hudunda kama mara 70 kwa dakika, pigo moja halimalizi sekunde. Hakuna anayeweza kujifunza kwa kasi hiyo. Punguza mwendo, pigo moja lichukue sekunde 20, ili waone namba zikipishana kabla vali haijasogea.

Halafu, kabla ya kila vali, wasimamishe. Dunia yote igande, skrini iulize: itafunguka sasa au bado, na kwa nini? Mwanafunzi aandike sentensi moja ndipo pigo liendelee. Atakosea, na ndivyo tunavyotaka, kwa sababu aliyetabiri akakosea ana sababu ya kutazama. Asiyetabiri chochote anaona taa tu zikiwaka na kuzima.

Upande wa kulia ufanye uleule, lakini presha ifike karibu milimita 25 tu. Usiwaambie kwa nini. Waache washangae kwamba ukuta wa upande huu ni mwembamba, wa kushoto ni mnene karibu mara 3, na kwamba mmoja anasukuma damu hapo jirani kwenye mapafu wakati mwenzake anaisukuma mwili mzima. Nimeona mwanafunzi akitulia kabisa mbele ya kuta hizo mbili, kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana." Hakuwa amesoma bango. Tulikuwa tumeshayang'oa.

Sehemu ya mwisho ndiyo ninayoipenda kupita zote: waharibie moyo. Tengeneza nakala ya pili ambamo vali ya mitra, yaani ile ya kati ya chumba cha juu kushoto na cha chini kushoto, haifungi vizuri. Waingie wote 32 kwa pamoja bila kuambiwa. Chumba kinabana, wengine wanatupwa kwenye aota kama kawaida, wengine wanajikuta wanarudishwa juu, njia ya mapafu. Wahesabu wangapi wamefika na wangapi wamerudi. Kisha uliza swali moja: mtu mwenye moyo huu atakuja hospitali akilalamika nini? Wale waliorudishwa upande wa mapafu ndio wataanza kusema kupumua kwa shida, kwa sababu wanajua walikokwama. Swali hilo ubaoni utalieleza robo saa na nusu ya darasa isikuelewe.

Angalizo moja la rangi, kabla hujalifanya: damu iliyopungukiwa oksijeni ni nyekundu iliyokoza, si bluu. Vitabu huchora bluu ili kutofautisha njia. Mkipaka avata zenu bluu mtakuwa mmetoa kosa moja mkaingiza jingine.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mwonekano wa avata, tumalizane na zile dakika 15 za nguo. Usiwagombeze. Huo si utundu mtupu. Nick Yee na Jeremy Bailenson walionyesha mwaka 2007 kwamba watu hubadilisha mwenendo kufuata sura ya avata waliyopewa, kwa hiyo mtoto anayehangaika na mwonekano wake anajua anachokifanya. Wape kipindi kizima kabla ya somo, wavae watakavyo, wajifunze vitufe, waparamie kila paa, wamalize hamu. Siku ya moyo, wote wanaingia kama chembe nyekundu, jina tu likielea juu ya kichwa, na rangi inakoza au inang'aa kulingana na oksijeni waliyobeba. Hapo mwonekano wenyewe umekuwa somo.

Kabla ya kuwaingiza wote, waingize wawili. Waliojenga Habitat, moja ya dunia pepe za mwanzo kabisa zenye picha, mwaka 1986, waliwahi kuandaa mchezo wa kutafuta hazina uliowachukua wiki kadhaa kuujenga, wakitegemea utawashughulisha wachezaji siku nyingi. Ulitatuliwa ndani ya saa 8. Sisi tunaojenga huwa hatujui watu watakavyopita humo. Mimi niliwahi kujenga maabara ya kemia yenye dirisha kubwa la kupendeza, na kipindi kizima cha kwanza wanafunzi walishindana kutupana dirishani. Wanafunzi wawili na nusu saa vingeniambia.

Kompyuta zinazokwama. Naweza kukosea, lakini nashuku mabango yenu. Watu hutazama ukubwa wa faili ya picha wakaona ni ndogo, wakasahau kwamba faili imebanwa, na ikiingia kwenye kadi ya picha mara nyingi inafunguliwa. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048, kila pikseli ikichukua baiti 4, inakula takriban megabaiti 16. Mabango 40 ya namna hiyo ni megabaiti 640 kabla hujaweka ukuta hata mmoja. Kwa kompyuta ya zamani inayoazima kumbukumbu ya mashine kwa ajili ya picha, hapo imeshakufa. Picha hiyohiyo ikiwa 512 kwa 512 inachukua megabaiti 1. Mabango yale 40 yanashuka hadi megabaiti 40. Na kama nilivyosema, mengi yao hayahitajiki kabisa. Kinachofuata kwa uzito ni avata zenyewe, hasa zenye nywele na mapambo ya kupakuliwa, kwa hiyo ile sare ya chembe nyekundu itakusaidia mara ya pili. Mwisho punguza umbali wa kuona. Mwanafunzi yuko chumbani, ya nini kompyuta imchoree ghorofa nzima?

Hata hivyo usilazimishe wote 32 wawe ndani muda wote. Kwa vipindi vya kawaida, wawili kwa kompyuta moja ni bora, na hili silisemi kwa ajili ya uhaba. Mmoja anaendesha, mwingine anashika karatasi ya mchoro na kumwambia aende wapi na kwa nini, kisha wanabadilishana kwenye kila vali. Wanalazimika kusema kwa sauti wanachofikiri. Mwanafunzi asiyeona vizuri au asiyeweza kutumia kipanya naye anapata nafasi yenye uzito sawa, badala ya ile ya kuchungulia.

Kama mtandao wenu ni wa kusuasua, hamishieni ulimwengu kwenye seva ya hapohapo shuleni. OpenSimulator, iliyoanza mwaka 2007, na Luanti, iliyoanza 2010 kwa jina la Minetest na kubadilishwa jina 2024, zote ni programu za bure za kujengea ulimwengu pepe, msimbo wake uko wazi, na zinafanya kazi kwenye mtandao wa ndani bila intaneti. Luanti hujengwa kwa vipande vya mraba kama matofali, haivutii macho, lakini mashine dhaifu zinaimudu. OpenSimulator itakupa moyo wenye umbo linaloeleweka ila inataka mtu wa kuihudumia.

Popote mtakapouweka, hifadhini nakala mnayoweza kuishika mkononi. Nililipoteza jengo zima la mazoezi pale jukwaa nililolitumia lilipofungwa, na nilikuwa na taarifa ya barua pepe ya mwezi mzima ambayo sikuifungua. Jukwaa la ulimwengu pepe la AltspaceVR lilifungwa Machi 2023. Mozilla walizima Hubs, huduma yao ya vyumba pepe, tarehe 31 Mei 2024, ingawa msimbo wake ulibaki wazi kwa wanaotaka kuuendesha wenyewe. Linden Lab, wenye ulimwengu pepe wa Second Life, waliwahi kuondoa punguzo la bei kwa taasisi za elimu, na vyuo vingi vikafunga visiwa vyao, yaani maeneo waliyokodi humo. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013, wengi wakiwa wameshaondoka. Kwenye OpenSimulator eneo lote linahifadhiwa katika faili moja ya aina ya OAR. Kila mwisho wa mwezi chukua moja, weka kwenye diski iliyo kabatini.

Turudi kwa miwani, nisionekane naipiga vita. Ina mahali pake: kazi za mikono zenye hatua, ambapo mwili wenyewe lazima ujue, kama kushika kifaa cha upasuaji au kutoka kwenye jengo linaloungua, na mambo ya ukubwa ambayo skrini haiwezi kuyafikisha. Mada yako haimo humo. Halafu namna mnavyotembea ndani ya moyo ndiyo mbaya kabisa kwa miwani. Macho yanaona mwili unasonga, sikio la ndani linasema umekaa, ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ukisukumwa na wimbi la damu bila hiari yako ndiyo zaidi. Na kuna hili ambalo halisemwi dukani: wanafunzi wakivaa miwani, mwalimu anapoteza nyuso zao. Hujui nani amepotea. Kama mkuu ameshaamua, basi iwe miwani miwili tu, mtu akae kwenye kiti, ahame kwa kuruka kutoka kituo hadi kituo badala ya kuteleza, dakika 10 basi, na someni umri wa chini uliowekwa na mtengenezaji kabla ya kulipa.

Nikuambie pia pale ambapo ulimwengu pepe haukufai. Majina ya sehemu za moyo yafundishe kwa ubao, kabla, mpaka wayajue. Na kama unachotaka ni kuonyesha vigezo viwili vinavyopanda na kushuka, jaribio dogo la kwenye kivinjari linatosha. Kuna mengi ya bure ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Hayana avata wala paa la kurukia. Ulimwengu pepe unalipa gharama yake pale mwanafunzi anapotakiwa kuwa mahali fulani na kuamua jambo.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kabla ya kutumia mwanga unaowaka na kuzima haraka au miwani, ulizeni wazazi kama kuna mwanafunzi mwenye kifafa; akiwepo, daktari wake aseme kwanza. Mwanafunzi anayeendelea kuumwa kichwa, kizunguzungu au kuona vitu viwiliviwili baada ya kipindi aachishwe na apelekwe kwa daktari wa macho, asiambiwe atazoea. Kompyuta zikiendelea kukwama baada ya kupunguza picha, mwite fundi wa mtandao aje akae darasani wakati wote 32 wamo ndani. Akija chumba kikiwa kitupu hataona kitu. Na mtoto akikuambia kuna avata inayomfuata, inayomtukana au inayomwomba picha, hilo si suala la mipangilio. Hifadhi kumbukumbu za mazungumzo, usifute chochote, na siku hiyohiyo lifikishe kwa anayesimamia ulinzi wa watoto shuleni kwenu.

Pa kuanzia ni padogo. Chagua vali moja, ile ya mitra. Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya mwanafunzi mmoja kipindi kizima, asiseme neno, aandike kila dakika mtoto anafanya nini. Hiyo karatasi itakuonyesha zaidi ya dodoso lolote. Kisha badilisha sheria za vali hiyo moja, wacha nyingine kama zilivyo, na wiki mbili baadaye waambie wachore moyo bila kufungua kitabu. Kama vali ya mitra imekaa sawa na nyingine bado zimegeuka, mpelekee mkuu michoro 32 mezani. Na zile fedha, mwombe aziweke kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya zile kompyuta 4.